Nyoka Njiti na Kiini Kisichokwisha

Nyoka huitwa njiti akitoka kwenye yai, au kwenye tumbo la mama yake, kabla hajamaliza kuvuta kiini tumboni. Hesabu ya siku husaidia kukisia tu, kwa sababu mayai ya tumbo moja huweza kupishana siku kadhaa na yote yakawa salama. Kipimo cha kweli ni kitovu. Kikiwa kimefunga, mtoto amekamilika. Kikiwa wazi na mfuko wa kiini unaning'inia nje, huyo ni njiti hata kama tarehe zake zimetimia.

Mfano unaoeleweka vizuri zaidi ni chatu mpira, Python regius, aliyepewa jina hilo kwa tabia yake ya kujiviringa na kuficha kichwa anapoogopa. Porini anaishi kuanzia Senegal hadi Uganda, na ni miongoni mwa nyoka wanaofugwa kwa wingi Marekani na Ulaya. Biashara yake imejengwa kwa sehemu kubwa na Ghana, Togo na Benin, ambako majike wenye mimba hukamatwa, mayai yakatotoleshwa na watoto wakauzwa nje. Jike hutaga mayai machache, mara nyingi sita hivi, kisha huyazungushia mwili wake. Wafugaji wengi humwondolea na kuyaweka katika mashine yenye joto la nyuzi 31 hadi 32 za Selsiasi, na watoto hutoka baada ya siku 55 hadi 60.

Mtoto hutoboa ganda kwa kijino kilicho kwenye ncha ya pua, anachungulia, kisha anatulia hapo hapo siku nzima au mbili. Asiyejua hudhani amekwama. Kumbe saa hizo ndizo zenye kazi kubwa kuliko zote: mishipa ya damu iliyotanda ndani ya ganda inajifunga polepole, mapafu yanachukua zamu ya kupumua, na kiini kilichobaki kinavutwa tumboni kupitia kitovuni. Akiba hiyo humlisha wiki zake za mwanzo kabla hajajua kuwinda.

Njiti wengi wa chatu mpira husababishwa na mambo mawili. La kwanza ni joto kupita kiasi ndani ya mashine. Joto huharakisha ukuaji, lakini si viungo vyote vinavyokwenda kwa mwendo mmoja. Mtoto huanguliwa mapema, mdogo, kiini kingi kikiwa hakijatumika, na wakati mwingine uti wa mgongo umepinda. La pili ni mikono ya binadamu. Baadhi ya wafugaji hupasua mayai kwa mkasi kabla ya mtoto kutoboa mwenyewe, wakiwa na hamu ya kuona rangi iliyopatikana. Rangi adimu huuzwa ghali, na haraka hiyo inaeleweka, lakini mshipa mmoja ukikatwa mtoto anaweza kuvuja damu hadi kufa, na aliyeshtuliwa huweza kutoka nje akiburuta kiini chake.

Nyoka aitwaye boa, wa Amerika ya Kati na Kusini, hatagi mayai kama chatu mpira. Huzaa watoto hai baada ya mimba ya miezi minne au zaidi. Kwake tatizo huanza kwa mama. Jike mwenye mimba huota joto kwa muda mrefu, na akikosa sehemu ya kutosha ya kuota, akisumbuliwa au akiugua, anaweza kuzaa watoto wenye vifuko vikubwa vya kiini, pamoja na wengine waliokwisha kufa.

Hatari ya kwanza kwa njiti ni maambukizi. Kiini ni chakula kizuri cha bakteria kama kilivyo chakula cha nyoka, na kitovu kilicho wazi ni mlango wao. Kitovu huvimba na kuwa chekundu, huanza kunuka, na sumu ikiingia kwenye damu mtoto hulegea na kufa haraka. Hata kiini kilichokwisha kuingia tumboni huweza kuoza huko bila kufyonzwa. Dalili yake ni uvimbe upande wa tumboni, karibu na mkia kuliko kichwa. Hapo daktari wa wanyama mwenye uzoefu wa reptilia huamua kati ya dawa na upasuaji.

Kuna pia kukauka. Ngozi hujikunja, macho hudidimia, na gamba la kwanza, ambalo kwa kawaida huvuliwa wiki moja au mbili baada ya kuanguliwa, hutoka vipande vipande. Kipande kikibaki kimekaza ncha ya mkia huzuia damu, na ncha hiyo hufa. Mapafu nayo hupata taabu: nyoka hana kiwambo cha kumsaidia kukohoa, hivyo makamasi hubaki ndani, naye hupumua akiwa ameachama.

Njiti huwekwa peke yake katika chombo kidogo kilichotandikwa karatasi laini yenye unyevu, katika joto la nyuzi 30 hivi. Vumbi la mbao na nyuzi za nazi havifai, kwa kuwa hunasa kwenye kiini na kukichana. Mfuko haukatwi wala kusukumwa ndani kwa kidole. Ukiachwa na unyevu, mara nyingi huingia wenyewe au hunyauka na kudondoka baada ya siku chache. Kumwogesha mtoto ambaye kitovu chake hakijafunga ni kumwingizia vijidudu, na bakuli lenye kina huweza kumzamisha.

Chakula husubiri kitovu kifunge na gamba la kwanza litoke. Mlo wa kwanza ni panya mchanga asiye na manyoya, mdogo kuliko anaopewa chatu aliyekamilika, kwani mlo mkubwa hukandamiza mabaki ya kiini na kutapikwa. Anayekataa hulishwa kwa mkono wa mtaalamu, tena pale tu uzito unapozidi kushuka. Wanaovuka miezi ya mwanzo kwa kawaida hukua na kuwa chatu wa kawaida. Mgongo uliopinda haunyooki: pindo dogo halimzuii nyoka kuishi, lakini likiwa kubwa kiasi cha kuzuia chakula kupita, daktari hushauri mnyama huyo auawe kwa sindano.