Chakula cha Jioni Katika Sufuria Moja

Saa 12 jioni, Igoma haina mama mvivu. Daladala za kutoka mjini zinashusha watu kando ya barabara ya Musoma, wauza nyanya sokoni wanapunguza bei ili wasirudi na mzigo, na jua la Mwanza, ambalo mwaka mzima huzama karibu saa 1, halimngoji mtu. Mama anayefika nyumbani wakati huo ana mashindano mawili: kuwahi moto na kuwahi usingizi wa watoto. Mtoto wa miaka mitatu akishalala bila kula, kumwamsha ni kilio, na kumwacha ni kumlaza na njaa.

Sisi wa kanda ya ziwa tumelelewa kwa ugali, sato, dagaa, michembe na matobolwa, wala hatuna sababu ya kuviacha. Lakini ugali na kitoweo ni sufuria mbili. Mwenye jiko moja la mkaa hupika kimoja, akatua, akabandika kingine; mkaa unakwisha na saa zinakwenda. Kwa jioni za namna hiyo tunawaletea akina mama chakula kinachopikwa chote katika sufuria moja: makaroni na nyama ya ng'ombe ya kusaga. Kinachukua kama dakika 45 tangu kukata kitunguu hadi kupakua.

Nyama kidogo, haki kwa wote

Kabla ya kubandika sufuria, tuseme jambo ambalo huwa hatulisemi mezani. Nusu kilo ya nyama ikikatwa vipande na kuwekwa kwenye mchuzi, vipande hivyo vina njia yao. Vikubwa vinakwenda kwa baba na mgeni, vijana wenye mikono ya haraka wanafuata, na mdogo wa mwisho anachovya mchuzi. Mama mwenyewe mara nyingi anakula alichobakiza kila mtu.

Hilo si dogo. Nyama ya ng'ombe ina madini ya chuma yanayojenga damu, na wanaoyahitaji zaidi ni watoto wadogo, wasichana waliovunja ungo, wajawazito na mama aliyejifungua, yaani wale wale wanaoishia kwenye mchuzi. Nyama iliyosagwa na kuchanganywa na makaroni haina kipande cha kugombewa. Kila kijiko kina nyama yake. Mama hana haja ya kumnyima mtu wala kugombana na mtu. Mwiko wenyewe umegawa.

Nyanya na pilipili hoho zina vitamini C, ambayo husaidia mwili kuyapokea madini hayo ya chuma. Chai huyazuia. Kwa hiyo chai ya usiku isubiri kama saa moja baada ya chakula.

Vitu vinavyohitajika (watu 6)

Nyama ya ng'ombe ya kusaga, nusu kilo
Makaroni, gramu 500
Vitunguu maji 2
Nyanya zilizoiva 5
Karoti 2
Pilipili hoho 1
Kitunguu swaumu, punje 4, na kipande kidogo cha tangawizi
Binzari, kijiko 1 cha chai
Mafuta ya kula, vijiko 2 vya chakula
Chumvi ya kutosha
Maji ya moto, lita 1, na kikombe kimoja cha akiba

Sufuria iwe pana, yenye mfuniko unaokaa vizuri.

Namna ya kupika

1. Kata na kuosha kila kitu kabla ya kuwasha moto. Mkaa unaowaka huku unamenya kitunguu ni pesa inayoungua.

2. Pasha mafuta, tia nyama na uisambaze. Iache itulie kidogo kabla ya kuigeuza. Itatoa maji yake. Endelea mpaka yakauke na nyama ianze kuwa ya kahawia. Hapo ndipo ladha inapopatikana. Nyama iliyotiwa nyanya ikiwa bado nyeupe huwa na ladha ya kuchemshwa tu.

3. Tia vitunguu maji. Vikilainika, ongeza kitunguu swaumu na tangawizi vilivyotwangwa, kisha binzari. Koroga kwa dakika moja.

4. Tia nyanya na karoti zilizokatwa ndogo, pamoja na chumvi. Funika mpaka nyanya zirojeke.

5. Mimina lita moja ya maji ya moto. Yakichemka, tia makaroni makavu na uyasukume yazame.

6. Punguza moto. Kwa jiko la mkaa, toa makaa kiasi au ziba mlango wa jiko. Funika kwa dakika 12 hadi 15, ukikoroga kutoka chini mara tatu au nne ili yasishike. Yakikauka kabla hayajaiva, ongeza maji ya akiba kidogo kidogo.

7. Tia hoho, epua, na uache sufuria imefunikwa kwa dakika 5. Rojo litajikaza lenyewe.

Wapo watakaouliza: mbona maji ya makaroni hayamwagwi? Tukichemsha makaroni peke yake na kumwaga maji, tunamwaga wanga uliotoka kwenye makaroni. Katika sufuria moja wanga huo unabaki na kuufanya mchuzi uwe mzito, ndiyo maana hatuhitaji unga wala nyanya ya kopo. Pia ndoo ya maji inabaki kwa matumizi mengine.

Kama bucha halina mashine

Ng'ombe wetu wa kienyeji hutembea mbali kutafuta malisho na maji, kwa hiyo nyama yao ni tamu lakini ngumu. Ukipata steki badala ya nyama ya kusaga, ikate vipande vidogo kama punje za mahindi mabichi. Unaweza kuipaka papai bichi lililokunwa kwa nusu saa, kwani utomvu wake hulegeza nyuzi za nyama. Kisha ichemshe, ukiwa umefunika, mpaka ilainike, ndipo uikaange na kuendelea. Supu yake itumie badala ya maji.

Mwenye robo kilo tu asikate tamaa. Aongeze kikombe cha dengu zilizokwisha kuchemshwa, au fungu la mchicha mwishoni. Watoto watakula wakidhani nyama ni nyingi.

Mambo ya kuangalia

Nunua nyama iliyokaguliwa, yenye mhuri, na uipike siku hiyo hiyo. Nyama ya kusaga isiachwe na wekundu ndani, kwa sababu nyama ya ng'ombe isiyoiva inaweza kuleta minyoo aina ya tegu. Asiye na jokofu apike kiasi cha kuliwa na kumalizwa. Kiporo kisilale jikoni. Mwenye jokofu akiweke ndani ya saa mbili, na kesho akipashe mpaka kifuke moshi.

Kuhusu moshi wa jiko lenyewe, tusiuzoee. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukiwa na lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Wakati tunajipanga kununua mtungi wa gesi, tupikie mahali penye hewa, tusiingize jiko la mkaa chumbani, na tuchague vyakula visivyokaa motoni muda mrefu. Hiki ni kimojawapo. Wenye gesi nao wataona mtungi unakaa siku zaidi.

Na baba je? Wapo wanaosema bila ugali hawajala. Tusibishane nao. Mpakulie sahani ya kwanza ikiwa ya moto, na kachumbari pembeni. Ugali utakuwepo kesho, na leo watoto wote wameshiba kabla usingizi haujawachukua.