Mwanao akiuliza kuhusu shimo jeusi, mwanzie Malindi

WATOTO wa siku hizi hukutana na jina "shimo jeusi" mapema, kwenye katuni, video za simu na vitabu vya sayansi. Kisha maswali humfikia mzazi, mara nyingi saa ya kulala: Je, litatumeza? Na kama ni jeusi, nani aliliona?

Wazazi wengi huishia kusema, "Kamuulize mwalimu." Lakini hili ni swali ambalo mzazi wa Afrika Mashariki ana sababu ya kulijibu mwenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu ilipatikana kwa chombo kilichorushwa kutoka baharini karibu na Malindi.

Kwanza mwondolee hofu

Shimo jeusi hutokea nyota kubwa sana inapoishiwa na nishati na kujiporomokea kwa ndani. Vitu vyote vyake husongamana mahali padogo, na mvutano wake huwa mkali hata mwanga hauwezi kutoka.

Halitembei likitafuta cha kumeza. Hata jua letu lingegeuzwa leo kuwa shimo jeusi lenye uzito uleule, dunia ingeendelea kulizunguka kama kawaida. Tungepata giza na baridi, lakini hatungevutwa ndani.

Setilaiti iliyoitwa Uhuru

Mwanao anajua eksirei ya hospitalini, ile inayoonyesha mfupa uliovunjika. Angani pia kuna vitu vinavyotoa miale ya aina hiyo, ila hewa inayoizunguka dunia huizuia isitufikie. Ndiyo maana wanasayansi walihitaji kupeleka kifaa juu ya hewa hiyo.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Mahali hapo palifaa kwa kuwa pako karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo zaidi. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo katika shirika la anga la NASA, aliipa setilaiti hiyo jina la Kiswahili: Uhuru.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Ilifanya kazi hadi 1973 na kuorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo. Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wake, alikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Chanzo kimoja, Cygnus X-1, kiliwashangaza. Miale yake ilikuwa ikipanda na kushuka kwa haraka mno, chini ya sekunde moja. Hiyo ni dalili kwamba kinachoitoa ni kidogo sana. Mahali hapohapo darubini zilionyesha nyota kubwa ya buluu ikizunguka kitu kisichoonekana kila baada ya siku 5.6. Kitu hicho kilikuwa kizito mno kuwa nyota ya kawaida iliyojificha.

Hata hivyo, si wote walioshawishika upesi. Mwaka 1974 mwanafizikia Stephen Hawking aliwekeana dau na mwenzake Kip Thorne kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi. Mwaka 1990 alikubali kwamba ameshindwa.

Linazunguka kama pia

Sasa swali gumu: kitu kisichoonekana kinajulikanaje kwamba kinazunguka?

Chukua pia, au mchezeshe mtoto. Mwambie azunguke kwa kisigino huku amenyoosha mikono, kisha aikunje kifuani. Ataongeza kasi ghafla. Nyota nayo huzunguka, na kitovu chake kinaposinyaa kuwa shimo jeusi, kasi huongezeka vivyo hivyo.

Ushahidi uko kwenye gesi. Shimo jeusi la Cygnus X-1 huvuta gesi kutoka kwa nyota mwenzake. Gesi hiyo hujizungusha kwanza, kama maji yanayoingia kwenye tundu la sinki, husuguana, hupata joto la mamilioni ya nyuzi na kutoa eksirei.

Kuna mpaka ambao gesi ikiuvuka hutumbukia moja kwa moja. Shimo hilo lina uzito wa takriban majua 21. Kama lingekuwa halizunguki, mpaka ungekuwa karibu kilomita 190 kutoka katikati. Likizunguka kwa kasi kubwa, mpaka husogea ndani hadi takriban kilomita 60. Gesi iliyosogea karibu zaidi huwa na joto zaidi, na eksirei zake hubadilika. Kwa kupima miale hiyo, wanasayansi hujua mpaka ulipo, na kutokana na mpaka hukadiria kasi.

Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2011 vilionyesha kuwa kasi ya Cygnus X-1 inazidi asilimia 95 ya kiwango cha juu kinachowezekana. Hiyo ni mamia ya mizunguko kwa sekunde moja.

Nalo liko umbali wa takriban miaka 7,200 ya mwendo wa mwanga. Mwanao anaweza kulala.

Jambo la mwisho la kumwambia

Hadi leo wanaastronomia hutaja baadhi ya nyota kwa majina yanayoanza na 4U, mfano 4U 1820-30. Tarakimu 4 ni orodha ya nne. Herufi U ni Uhuru.

Mtoto anayedhani sayansi ya anga ni ya watu wa mbali anastahili kujua kwamba neno la lugha yake limo ndani ya orodha hiyo, na kwamba safari yake ilianzia bahari ya Malindi.