Nani Alipie Nguzo na Mabomba Yahamishwapo?

Mji wa New Orleans, kusini mwa Marekani, una sehemu kubwa iliyo chini ya usawa wa bahari, na maji ya mvua yasipotolewa kwa mifereji na mashine hutuama yakazaa maradhi. Tume iliyoundwa kuchimba mifereji hiyo ilikuta njia imezibwa mahali pengi na mabomba ya kampuni ya gesi, yaliyofukiwa chini ya barabara kwa idhini halali. Kampuni iliyahamisha, kisha ikadai kurudishiwa gharama, ikishikilia hoja kwamba haki aliyopewa mtu kwa mkataba ni mali yake, na mali haitwaliwi bila ya fidia.

Kadhia ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, nayo mwaka 1905 ikahukumu kuwa kampuni ilipewa ruhusa ya kupitisha mabomba barabarani, wala haikupewa mahali mahsusi pa kudumu. Basi afya ya umma ikihitaji nafasi hiyo, kampuni na isogee kwa fedha zake yenyewe.

Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1991, ilishika njia ya kati: barabara inapojengwa upya, mwenye mabomba au nyaya hubeba asilimia 18 ya gharama, na mamlaka ya barabara hulipa iliyobaki. Naiona busara kubwa katika mgao huo, kwani mjenzi asiyelipa chochote huchora njia yake pasipo kujali kilichozikwa chini yake, na kampuni inayolipwa kila senti haina sababu ya kubana matumizi, ilhali mlipaji wa mwisho, ama kwa ankara ama kwa kodi, ni mwananchi yule yule.

Tanzania nayo, kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, iliipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 45 hadi 60, na nyumba zilizokutwa katika ukanda ule mpya zikatiwa alama ya X ya kijani, maana yake mwenyewe ana haki ya fidia, tofauti na X nyekundu ya aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani. Nguzo na bomba, kwa rai yangu, vinastahili mizani hiyo hiyo: vilivyoingia hifadhini kwa ruhusa, mwenyewe abebe sehemu kubwa ya gharama ya kuvihamisha, na vilivyofuatwa na barabara mahali vilipokuwa vimetangulia, barabara ndiyo ilipe sehemu kubwa.