Damu ya West Nile katika Majarida ya Wataalamu



Mchuma chai hulipwa kwa kilo, na mkata miwa kwa kipande alichopimiwa asubuhi. Mtaalamu wa sayansi naye ana mizani yake. Akimaliza utafiti huandika makala katika jarida la wataalamu, na wenzake wakiitumia kazi hiyo hawana budi kuitaja. Mwaka 1964 Mmarekani Eugene Garfield alianza kuchapa orodha kubwa inayoonyesha nani kamtaja nani. Siku hizi kompyuta ndizo zinazohesabu. Anayetajwa sana hupanda cheo, na fedha za utafiti mwingine humfuata.

Tunayaeleza haya kwa sababu makala moja inayotajwa sana katika elimu ya saratani na kinga ya mwili ilitoka kwetu. Tukipita Arua na Koboko kwa kazi za chama, wazee bado wanauliza: wale waliotuchoma sindano tukiwa watoto, damu yetu waliipeleka wapi?

Jibu ni hili. Mwaka 1958 Dk. Denis Burkitt wa Kampala aliandika juu ya uvimbe wa taya unaoua watoto. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari wiki kumi, pamoja na Dk. Cliff Nelson na Dk. Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, karibu na Arua, kutafuta ugonjwa ule unafika wapi. (Gari likiharibika, Williams ndiye aliyekuwa fundi.) Mwaka 1964, huko London, Epstein, Achong na Barr waliona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Lakini kirusi hicho karibu kila mtu anacho. Je, ndicho mwizi, au mpita njia tu?

Kuluva ilikuwa imeandika vizuri wagonjwa wake, kijiji na tarehe, na mwaka 1967 makala juu yao ilitoka Uingereza. Basi Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, likaja West Nile. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watoto wazima wapatao 42,000 walitolewa damu. Ikagandishwa kwa barafu, na wataalamu wakangoja.

Watoto 14 walipokwisha kuugua, damu yao ya zamani ilitolewa ikapimwa. Kinga dhidi ya kirusi kile zilikuwa zimepanda tangu muda mrefu kabla uvimbe haujaonekana. Mtoto mwenye kinga nyingi namna ile alikuwa katika hatari mara 30 kuliko wenzake. Hayo yalichapwa mwaka 1978 katika jarida la Nature, yakiwa na majina kumi na moja. Williams yumo, na Peter Tukei yumo. La kwanza ni la Mfaransa Guy de-Thé, na hilo ndilo linalotamkwa kila makala inapotajwa.

Hatusemi ameiba. Kazi ilikuwa nzuri, na mwaka 1997 shirika lile liliandika rasmi kwamba kirusi hicho huleta saratani. Ugomvi wetu ni na mizani. Mlima tumbaku wa hapa anaijua: hupima jani, haipimi kuni wala usiku wa kulinda moto katika banda la kukaushia. Dereva, muuguzi aliyemshika mtoto mkono, karani aliyeandika majina, mama aliyebembeleza, hao wote hawana kilo.

Vita vya 1979 vilifuata, watu wakakimbilia Sudan na Zaire. Taarifa ya mwisho ilichapwa mwaka 1982. Sisi hatujakutana na mzee hata mmoja aliyeletewa majibu.

Utafiti haujaisha. Kati ya 2010 na 2016 Kuluva ilishiriki tena katika utafiti wa ugonjwa huu, na safari hii Mganda, Dk. Sam Mbulaiteye, alikuwa miongoni mwa viongozi. Chanjo ya kirusi hicho bado haijaidhinishwa. Dawa zipo na huponya watoto wengi wakiwahi, kwa hiyo taya likivimba au meno yakilegea bila sababu, mpeleke mtoto hospitali wiki hiyo hiyo.

Na wataalamu wakija tena, waulizwe nani ataandikwa, na majibu yatarudi lini, kwa Kilugbara, Kikakwa au Kiswahili. Yaandikwe kwenye karatasi, itiwe sahihi kabla ya sindano.