Ngeli, darasa au klasi? Istilahi za uprogramu kwenye foleni ya Kasesya

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza, mzaliwa wa Kasesya, aliwahi kunionyesha karatasi yake ya jaribio la uprogramu. Aliulizwa nini hutokea pale klasi Lori inaporithi klasi Gari. Alijibu kwamba Lori huchukua sifa zote na Gari hubaki tupu. Alipata sifuri. Mimi nafundisha isimu, si kompyuta, na kwa jicho la isimu jibu lile lilikuwa na mantiki kamili. Urithi wa mali hufuata msiba: aliyerithi anacho, aliyerithiwa hana tena.

Kitenzi kurithi, hata hivyo, kina matumizi mawili ambayo kamusi nyingi huyaweka chini ya kidahizo kimoja. Mtu hurithi shamba, na mtu hurithi sura. Mtoto aliyerithi pua ya baba yake hakumwacha baba bila pua. Uprogramu wa vitu unahitaji maana hii ya pili, na mwalimu angeitaja katika kipindi cha kwanza, yule kijana asingepotea. Mfasiri naye aepuke kabisa neno mirathi, ambalo ni la mahakamani na la kugawana.

Neno class lina usumbufu zaidi. Mwanafunzi wa Tanzania husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza; anapofika chuoni neno hilo limekwisha kujaa kichwani mwake: ni chumba chenye ubao, ni kipindi, ni wanafunzi wenzake. Tafsiri ya darasa humrudisha humo humo. Tabaka hubeba picha ya kitu kilicholazwa juu ya kingine, pamoja na matajiri na maskini. Aina lingefaa, ila limekwisha kukabidhiwa aina za data, yaani namba kamili, matini na mengineyo. Linabaki ngeli, ambalo wanaisimu hulinasibisha na neno la Kihaya lenye maana ya aina. Nalipendekeza hilo. Najua kwamba kwa baadhi ya vijana mitaani ngeli ni Kiingereza. Hilo halinikoseshi usingizi.

Pendekezo hili lina mizizi ya mbali kuliko nilivyodhani mwanzoni. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, waliobuni lugha ya Simula mjini Oslo, Norwe, katika miaka ya 1960, walitafuta namna ya kuigiza kwa kompyuta mambo kama foleni: wateja au mizigo inayofika, inayosubiri, inayohudumiwa. Katika Simula 67, mwandishi aliunda ngeli mpya kwa kutanguliza jina la ngeli ya zamani mbele ya tangazo lake, na istilahi waliyoitumia kwa jina hilo la mbele ni ile ile ya wanasarufi: kiambishi awali. Mwanasarufi wa Kibantu akisoma hayo hutabasamu.

Basi turudi Kasesya, mahali ambapo barabara ya kutoka Sumbawanga kupitia Matai huingia Zambia. Kila gari lililo kwenye foleni lina nambari ya usajili na nchi litokako, na kila moja linaweza kukaguliwa na kuruhusiwa. Maelezo hayo ya jumla ndiyo ngeli Gari. Lori lililosimama kizuizini na mahindi yake ndilo kitu. Ngeli haiwezi kupakia hata gunia moja. Ngeli Lori hurithi Gari na kuongeza uzito wa shehena. Ngeli Basi huongeza orodha ya abiria. Amri ni moja, kagua, lakini lori huitikia kwa kupimwa mzigo na basi kwa abiria kuonyesha pasi zao.

Kiswahili kina kivuli cha jambo hilo. Lori limepita, pikipiki imepita, mkaguzi amepita: mzizi mmoja, na kila nomino huupa umbo lake. Tazama pia kiongozi. Kwa umbo, neno hilo limo pamoja na kitabu na kiti, nasi tungetazamia *kiongozi kimepita; lakini kwa kuwa ni mtu, kanuni ya viumbe hai huitangua ile ya umbo, nasi husema amepita. Kwa hiyo, pale ngeli mtoto inapoibadili amri iliyoirithi, nashauri tuseme inaitangua. Ulinganisho huu una mpaka wake, na mwalimu asiuvuke: katika sarufi kiambishi hubadilika na maana ya kupita hubaki ile ile, ilhali katika programu kazi yenyewe hubadilika.

Kuhusu kitu, sina mengi. Nimekutana na tafsiri zilizoweka yambwa au shamirisho, kwa sababu mfasiri alifungua kamusi ya sarufi. Hayo ni majina ya kijalizo cha kitenzi na hayahusiki hapa. Kitu chatosha.

Liko neno moja dogo ambalo wanafunzi wa Python hulalamikia sana, self, linaloandikwa ndani ya ngeli ili kitu kijirejelee chenyewe. Kwa hilo hatuhitaji istilahi mpya. Lori linalojipima, basi linalojihesabia abiria: ni -ji- yetu ya kila siku.