Sura ya 6: Kilo Zilizopungua Zimetoka Wapi?

Anayetaka kupungua huanza na mizani. Anapanda asubuhi, anasoma namba, anafurahi au anavunjika moyo. Lakini mizani hupima vyote kwa mkupuo: mafuta, misuli, mifupa, maji, hata chakula kilichomo tumboni. Haikuambii umepoteza nini.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walichapisha matokeo yanayolifafanua jambo hili. Watu 10 wenye uzito uliozidi walipitia awamu mbili za majuma mawili, wakila mlo uleule wenye kalori pungufu. Awamu moja walikaa kitandani saa 8 na nusu kila usiku. Nyingine, saa 5 na nusu. Awamu zote mbili walipungua kilo 3 hivi. Ila walipolala vya kutosha, mafuta yaliyotoka yalikuwa kilo 1.4. Walipopunjwa usingizi, yalitoka kilo 0.6 tu; uzito mwingine uliopungua ulitoka kwenye misuli na tishu nyingine zisizo za mafuta. Juu ya hayo, njaa iliwazidi.

Tunza misuli yako. Ndiyo inayokuinua kitini, inayobeba ndoo, inayotumia sukari iliyomo kwenye damu.

Tuje jikoni. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina takribani kalori 120. Ukiunga mchicha wako kwa vijiko vitatu badala ya kimoja, umejiongezea kalori 240, karibu sawa na zile anazotumia mtu wa kilo 70 akitembea kwa haraka saa nzima. Ndiyo maana wengi hukimbia miezi na miezi bila kupungua: jasho halifuti kilichomwagwa sufuriani. Huna haja ya kuuacha ugali. Punguza kipande, jaza mboga nusu ya sahani, na pasikose maharage, dagaa au yai, kwa kuwa protini ndiyo inayojenga misuli.

Mazoezi nayo yana kazi yake. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano, kunatosha kuanzia. Siku mbili ongeza pushapu, au kuchuchumaa na kuinuka. Mazoezi haya huuambia mwili kwamba misuli bado inahitajika. Mwili nao huikarabati ukiwa umepumzika.

Kwa hiyo anayelala saa 6 usiku na kuamka saa 10 alfajiri akakimbie, anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Ukitaka kuamka saa 10, zima simu na taa saa 3 usiku. Saa hizo 7 ni sehemu ya mazoezi yako.