Mchai Mfupi, Udongo Mchachu na Kilo za Mchumaji



Katika mashamba mengi mchumaji wa chai hulipwa kwa kilo. Kwa hiyo afya ya mchai si kazi ya bwana shamba peke yake. Inahusu mshahara wetu. Kericho, Mufindi, Fort Portal hata Mulanje, mmea ni uleule na mahitaji yake ni yaleyale.

KIMO. Mchai haupukutishi majani, na ukiachwa huwa mti mrefu. Twauona mfupi kwa sababu hukatwa kila baada ya miaka michache, kisha huchumwa kwa usawa mpaka juu yake pakawa kama meza. Usipokatwa kwa wakati, meza hupanda, mikono huchoka, machipukizi hupungua na kikapu hakijai. Nalo shamba lililokatwa karibuni halitoi majani ya kutosha kwa miezi kadhaa.

UDONGO. Mchai hutaka udongo mchachu, wenye kipimo cha pH kati ya 4.5 na 5.5 hivi. Majivu na chokaa huuondoa uchachu huo. Ndiyo maana mahali palipokuwa na nyumba za zamani, au palipochomwa visiki, chai hudumaa na kugeuka manjano. Mchumaji aliyepewa mistari ya hapo asiitwe mvivu.

KIVULI. Hiki hutakiwa zaidi kitaluni. Kipande kifupi cha shina chenye jani moja na jicho lake hupandwa katika mfuko wa plastiki, ndani ya udongo mchachu uliochimbwa chini, usio na samadi. Hufunikwa kwa plastiki, na juu huwekwa kivuli. Mizizi ikishashika, kivuli hupunguzwa kidogo kidogo. Kukiondoa chote kwa siku moja ni kuunguza miche, na miche dhaifu leo ni mapengo shambani kesho.

Basi kamati ya tawi inapokaa na mwajiri kupanga kima cha kilo kwa siku, iulize kwanza: Shamba hili lilikatwa lini? Udongo ulipimwa lini? Mbolea imetiwa? Mapengo yamejazwa? Kima kikipangwa bila majibu hayo, mchumaji hubebeshwa makosa ya shamba.

Umoja ni nguvu.